Mbingu ya Matete

Ninyi vijana mnaopigilia plafon za plastiki, hizi dari za siku hizi, pale mtaa wa Mapendo, mkamaliza nyumba nzima kabla jua halijageuka, siwalaumu. Mwenye nyumba anataka kitu cheupe juu ya kitanda chake, nanyi mnampatia. Lakini mkinipita nimekaa mlangoni kwangu mnaniita "Papa Matete" na kucheka, mkidhani sisikii. Masikio yangu bado yako kazini. Basi leo kaeni niwaeleze hayo matete yalikuwa nini, na msiniulize ilikuwa mwaka gani, maana kichwa changu hakijawahi kuelewana na kalenda.

Jina langu ni Kambale. Nilitoka Butembo nikiwa na nguo moja ya kubadili na bila ufundi wowote mikononi. Hapa Goma nilipata kibarua cha kubeba mawe kwenye shantie ya kanisa, lilipokuwa linajengwa. Aliyeisimamia alikuwa Frère Nino, bruda mmisionari, mfupi, mwenye masikio makubwa na hasira za karibu. Alitoka Sisilia, kisiwa cha Italia, kwenye mji mdogo chini ya mlima Etna, ambao unatema moto kama Nyiragongo wetu. Watu walisema kwamba siku aliyofika hapa aliinama mbele ya nyumba ya mapadri, akaokota kipande cha lava, akakinusa, akakitia mfukoni. Nilipomuuliza baadaye kama ni kweli, alinijibu kwamba alikuwa amekuja akijiandaa kuwa mgeni, na lile jiwe likamharibia mpango.

"Kambale, mji ya kwetu iko mweusi sawa hii," alikuwa akiniambia. "Njia mweusi, ukuta mweusi, kanisa mweusi. Tulijenga na ile moto ilituunguza."

Ndivyo alivyofundisha, vijana wangu. Mkono wake unachonga, mdomo wake uko Sisilia. Alinieleza mji wa Catania, ambako majumba ya watu wakubwa yamejengwa kwa jiwe jeusi na kupambwa kwa jiwe jeupe. Alinieleza Noto, ambako jiwe lina rangi ya asali, na roshani za majumba zimebebwa na simba wa mawe, farasi wa mawe, na sura za watu waliofumbua midomo kwa uzito wa mzigo. Alinieleza teatro, nyumba za michezo na nyimbo, zenye ghorofa juu ya ghorofa za vyumba vidogo vya watazamaji, vyenye viti vya mahameli nyekundu. Alinieleza makanisa yenye ngazi ndefu mpaka bibi arusi anapumzika katikati. Nilikuwa nakoroga chokaa, lakini miguu yangu ilikuwa inapanda ngazi zile.

Jioni nikirudi nyumbani, nyumba za mbao za mtaa wetu nilizipita naziona zina roshani. Mama muuza makaa alikuwa amekaa chini ya simba wa jiwe. Ukungu ukishuka kutoka mlimani, ule mji mwingine ulizidi kuonekana, na mara mbili nilipita mlango wangu bila kuuona. Mke wangu, Kavira, aliwaambia majirani: "Bwana yangu iko na bibi wa pili kule Sisilia. Anaendaka kumuona kila siku." Sikumbishia. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua kuieleza kwa lugha yoyote niliyoijua.

Sasa, siri ya makanisa yale ndiyo iliyonifanya fundi. Ukiingia ndani na kutazama juu, unaona kuba kubwa la jiwe, limepakwa rangi, lina mawingu na malaika, unaogopa lisikuangukie. Kumbe si jiwe. Ni matete. Unakata mbao ziwe mbavu zilizopinda, unazipanga toka ukuta hadi ukuta. Matete unayapasua, unayapondaponda yalale bapa, unayasuka kama jamvi, unayapigilia chini ya mbavu, kisha unapaka plasta. Kule Sisilia ardhi inatetemeka mara kwa mara, na watu walijifunza kwa kilio kwamba kuba la jiwe linaua, lakini kuba la matete linapasuka tu. Frère Nino alisema Goma inatetemeka vilevile, basi Goma itapata kuba la matete.

Jambo la kwanza ni matete yenyewe. Tuliyafuata Vitshumbi, kwenye ziwa Edouard. Yalikuwa marefu, manene, na wavuvi walituuzia yaliyokwisha kukauka ili tusisubiri. Hapo ndipo tulipokosea, nami ndiye niliyekubali. Lori lililotuleta lilibeba pia samaki wa chumvi, na zaidi ya hapo, matete yale yalikuwa yamekauka kwa sababu wavuvi walikuwa wameyatumia misimu mingi kuanikia samaki. Mimi niliona bei ni nzuri na urefu ni mzuri. Pua yangu ilikuwa na mafua. Pale Rumangabo walinzi wa mbuga walisimamisha lori kuangalia tumebeba nini, mmoja akanusa, akatuambia twende haraka.

Tulisuka, tukapigilia, tukapaka plasta, Frère akachora mbingu ya buluu yenye malaika. Mvua kubwa ya kwanza ilipofika, unyevu ukaingia, na kanisa zima likanuka samaki. Ilikuwa Kwaresima. Watu walifunga, walipiga magoti, na juu ya vichwa vyao malaika wananuka makayabo, samaki wale wa chumvi. Padri alihubiri juu ya vishawishi na waumini wote wakatazama plafon. Paka wa mtaa mzima walihamia kanisani. Frère Nino hakuongea nami siku nne. Ya tano alinijia, akanishika bega, akasema, "Kambale, Petro naye alikuwa muvuvi," na tukacheka mpaka tukakaa chini. Harufu iliisha baada ya mwaka, karibu.

Jambo la pili: plasta haina huruma. Jasi tuliyotumia ilikuwa ile ya hospitali, ya kufungia mifupa iliyovunjika, maana nyingine haikupatikana hapa. Ukiikoroga inaganda kabla hujafuta jasho. Kule kwao Frère mafundi hawakupima kwa saa, walipima kwa sala. Unatia maji, unakoroga Salamu Maria tatu, unapaka hadi ya kumi, ya kumi na moja unaosha ndoo. Tulikuwa mafundi wanne juu ya majukwaa tukinong'ona Salamu Maria kutwa nzima. Akina mama waliokuja kufagia walidhani ni novena, sala ya siku tisa, wakawa wanajibu.

Lakini mwenzetu Paluku alikuwa Mprotestanti, na alikataa katakata. Akasema atapima kwa wimbo wa kwao. Sawa, tukamwachia. Aliimba ubeti wa kwanza akikoroga, wa pili akipaka, sauti yake nzuri ikajaza kanisa, tukanyamaza kumsikiliza. Wa tatu akafumba macho. Alipofika wa nne mwiko ulikuwa umesimama wima ndani ya ndoo, hautoki. Ndoo ile hatukuivunja, tuliifanya kiti, na Paluku aliikalia miaka yote ya urafiki wetu. Tangu siku hiyo alipima kwa kuhesabu, naye akawa mpakaji bora kuliko sisi sote.

Na jambo la tatu, mlishike hata kama hamtasuka tete maishani mwenu. Kati ya kuba na mabati kuna nafasi, giza, mahali pa kupita fundi anayekwenda kuziba nyufa. Ukiwa kule juu, mguu ni juu ya ubavu, kamwe si juu ya tete. Tete linabeba plasta, halibebi mtu. Frère Nino alinifundisha kupita kule kwa kunifumba macho kwa kitambaa, mpaka nyayo zangu zikajua zenyewe mahali ubavu ulipo.

Frère aliugua akarudishwa kwao, akafia huko. Kabla ya kupanda ndege aliniachia funguo za kanisa na kazi ya kuziba nyufa. Nililia pale uwanjani mbele ya watu, na sikuona haya.

Kisha wakaja wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka. Mlikuwa hamjazaliwa. Barabara haikuonekana ardhi yake kwa miguu ya watu, na kanisa likajaa mpaka kwenye altare. Walilala chali chini ya mbingu yangu. Mtoto mmoja aliniuliza kwa nini mbingu hii haina moshi, maana nje kila mtu alikuwa akiwasha moto na hewa ilikuwa imechafuka. Nilimwambia ni mbingu ya Sisilia. Alikubali, akaendelea kuhesabu malaika. Wengi kati ya wale watu hawakuondoka Goma wazima, kipindupindu kiliwaua, na mpaka sasa nikisikia harufu ya chokaa wanayomwagia maiti, sili siku hiyo.

Baada ya wakimbizi vikaja vita, na baada ya vita vile vikaja vingine. Wanajeshi walibadilika, na kila walipobadilika, watu wa kabila fulani walitafutwa. Kabila lenyewe silitaji, maana kwa zamu karibu kila mmoja alifikiwa. Safari ile ilikuwa zamu ya jirani yangu Mwalimu Bahati, aliyewafundisha watoto wangu kusoma.

Alinifikia asubuhi kwenye sakristia, na mkewe, watoto watatu, na mama yake mzee, Mama Zawadi. Padri alikuwa amekimbilia Bukavu kwa boti. Mwalimu hakuomba kwa maneno mengi. "Papa Kambale, nyumbani banatuulizia," alisema. Nikatazama watoto, nikatazama juu.

Niliwapandisha kwa ngazi ya mnara wa kengele, mmoja mmoja. Mle gizani nililaza mbao juu ya mbavu, nikawaonyesha. "Lala juu ya ubao. Mukono ndani, mguu ndani. Mutu akikanyaga pembeni, atashuka na malaika." Watoto walishika mara moja. Mkubwa ndiye aliyemwongoza bibi yake, akimwekea mguu wake mahali pake. Watu sita juu ya kuba lililojengwa libebe rangi na mawingu tu. Nilijua mbavu zile zinabeba uzito gani, nilizikata mwenyewe, na bado nilizigonga moja moja kwa kiganja.

Siku ya pili maji waliyopanda nayo yakaisha. Njiani walikuwepo wanajeshi, na mtu kubeba bidoo, dumu la maji, kwenye kanisa tupu ni sawa na kupiga kengele. Mama Zawadi alikuwa na kikohozi, na vumbi la plasta la miaka mingi lilimkausha koo. Nilipanga kungoja mvua, nikusanye maji kwenye bati na kuyapitisha kwa nyuma.

Mvua ilikuja mchana, lakini iliwaleta kwanza wanajeshi watano. Waliingia kujikinga, wakaweka bunduki juu ya viti. Nilikuwa nimeshika ndoo na mwiko, nikasema mimi ni fundi wa kanisa, ninaziba nyufa. Mkubwa wao, kijana mwenye sauti ya chini, aliniambia nikae. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu, hakuna aliyeweza kusikia kitu kingine, na nikamwomba Mungu inyeshe mpaka kesho.

Ilikatika ghafla, kama mvua za Goma zinavyofanya. Kimya. Na katika kimya kile, vumbi jeupe kidogo likashuka likatua kwenye kofia ya yule mkubwa. Aliligusa kwa kidole.

"Muzee, hii unga inatoka wapi?"

"Ni plasta, afande. Kanisa inazeeka."

Juu, mtu akakohoa. Kidogo, kama ndani ya nguo. Nikakohoa na mimi, kwa nguvu, mpaka machozi, kisha nikaanza kusema kabla hajasema yeye. Sikuwa nimepanga. Mdomo wangu ulikimbilia mahali ulipopazoea.

"Afande, unaona ile mbingu? Ile njo mbingu ya Sisilia."

"Sisilia njo wapi?"

Nikamweleza. Vijana wangu, nilieleza kuliko Frère Nino alivyowahi kueleza. Nilimtembeza Catania barabara nyeusi kwa barabara nyeusi. Nilimsimamisha chini ya roshani za Noto, nikamwonyesha farasi wa jiwe mmoja mmoja, nikafumbua mdomo wangu kama zile sura zinavyofumbua, na wanajeshi wawili wakacheka. Kila lilipotaka kushuka vumbi, niliinua mkono kuonyesha roshani mahali pengine. Kila kikohozi kilipokaribia, nilisikia ubao ukilia kidogo, nami nikapaza sauti. Niliongeza vyumba ambavyo Frère hakuwahi kuvitaja. Nilijenga kanisa zima papo hapo, lenye ngazi mia, nikalifungua mlango na kuingia nao ndani. Na jambo la ajabu, katikati ya hofu ile nilikuwa ninauona mji. Niliuona wazi kuliko siku zote, jua liko juu ya jiwe la asali, hakuna mtu anayemtafuta mtu.

Tukafika teatro.

"Na batu banakaa wapi?" aliuliza yule mkubwa. Alikuwa amevua kofia.

"Wakubwa hapa chini na katikati, afande. Masikini banapanda juu kabisa, karibu na plafon. Kule banaona vichwa tu."

"Lakini banasikia."

"Banasikia yote, afande."

Alinitazama usoni. Kisha akatazama juu, si kwenye malaika, ila kwenye ufa ambao vumbi lilikuwa likitoka. Nikaendelea kusema, nadhani nilisema juu ya mapazia, sikumbuki, nilikuwa ninangoja tu mkono wake uende kwenye bunduki.

Aliinuka, akawaambia wenzake mvua imekwisha. Wakachukua silaha zao wakatoka. Yeye alibaki nyuma kufunga kamba ya kiatu. Bila kunitazama akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na kiatu chake:

"Muzee, ile batu yako ya juu, bape maji."

Akaacha chupa yake ya kijeshi juu ya kiti, imejaa, akatoka.

Kanisa lile hamtaliona. Lava ilipoingia mjini iliingia na mle, matete yakawaka kwa dakika chache, na kazi kubwa ya maisha yangu iko chini ya jiwe jeusi, penye maduka ya simu sasa. Limenisikitisha, sikatai. Ila si hilo lililonifanya niwakalishe hapa.

Miaka yote nimesimulia habari hii. Nimeisimulia kwenye matanga, kwenye arusi, kwa mapadri wapya. Nimeisimulia mpaka pale mvua inapokwisha na wanajeshi wanatoka, wamelewa maneno yangu, na watu wanapiga makofi kwa ujanja wa fundi Kambale. Chupa nimeiacha nje kila mara. Goma hakuna aliyetaka kusikia jema la wanajeshi wale, ambao wiki ileile walimuua Paluku kwenye mlango wa nyumba yake. Na mimi nilimpenda Paluku, na sikujua niweke wapi mambo haya mawili. Lakini hiyo ni nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba nilipenda makofi.

Nilipanda ngazi na chupa ile. Walikuwa wamelala kama nilivyowapanga, hakuna mguu uliotoka nje ya ubao. Mama Zawadi alikuwa ameuma kitenge chake mpaka kikatoboka. Walikunywa kwa zamu, watoto kwanza, na yeye wa mwisho. Alipomaliza alinishika mkono gizani, akaniuliza ni nani ametoa maji haya.

Nikasema ni mimi.

Siku mbili baadaye walivuka mpaka salama, na vita vilipotulia wakarudi. Mama Zawadi aliishi miaka mingi bado. Kila Jumapili aliniombea kwa jina, kwa sauti, mbele ya kanisa zima, kwa ajili ya yale maji. Aliniombea hata siku aliyokufa, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, na sikumwambia.